Kwa nini televisheni ya bure hufungwa ilhali watazamaji wapo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasomea uandishi wa habari hapa Mombasa. Mhadhiri wetu alitaja kwa kupita tu televisheni moja ya Marekani iliyoitwa DuMont, ya bure, iliyokuwa na wasanii wakubwa, ikafungwa mwaka 1956. Nikakumbuka QTV, stesheni ya Kiswahili hapa kwetu Kenya, tuliyokuwa tukiitazama nyumbani Kisauni nilipokuwa mdogo, nayo haipo tena. Babu yangu anasema stesheni ni kama duka, likikosa wateja linafungwa, basi. Lakini hizi si zilikuwa zikitazamwa? Kitu cha bure, tena kinachopendwa, kinakufaje?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na babu nisalimie sana. Hakukosea aliposema stesheni ni duka. Kilichompita ni mteja mwenyewe ni nani. Wewe ulipokuwa ukikaa sakafuni Kisauni kutazama QTV hukutoa hata shilingi, kwa hivyo hukuwa mteja. Mteja ni mwenye kiwanda cha sabuni aliyelipia tangazo katikati ya kipindi. Kile alichokinunua ni macho yako na ya jirani zako. Nyinyi watazamaji ndio bidhaa. Ndiyo maana duka hili linaweza kujaa tele asubuhi hadi usiku na bado likafa: waliojaa ndani ni bidhaa, na bidhaa haijilipii.

Kuna na jambo la pili, na hili ndilo lililonila maisha yangu, maana nimefanya kazi ya mitambo ya kurushia matangazo hapa pwani kwa miaka mingi. Ni njia. Mwenye sabuni hataki macho ya mtaa mmoja. Anataka ya miji mingi kwa usiku mmoja. Ili umkusanyie macho hayo unahitaji masafa katika kila mji, na waya au mnara wa kubeba mawimbi kutoka mji hadi mji. Asiyekuwa na njia hana biashara, hata awe na vipindi vitamu namna gani. DuMont ilikufa kwa kukosa njia. Watu waliipenda pale ilipofika, lakini haikuruhusiwa kufika.

Nianze na mtu mwenyewe, kwa sababu ni fundi, na mafundi wana heshima yao kwangu. Allen B. DuMont alizaliwa Brooklyn mwaka 1901. Alipokuwa mtoto alipatwa na polio, akawa kitandani kwa muda mrefu akichezea redio. Mwaka 1931 alianza maabara yake nyumbani kwake Upper Montclair, jimbo la New Jersey. Babu yako atakumbuka tyubu, ile chupa nzito ya kioo nyuma ya televisheni za zamani. Tyubu zilizoagizwa kutoka Ujerumani enzi hizo ziliungua baada ya saa 25 au 30 hivi. Za DuMont zikaweza kukaa saa 1,000. Hapo ndipo televisheni ilipotoka kwenye meza ya maabara ikawa kitu cha kuuzwa dukani, na mwaka 1938 kampuni yake ikaanza kuuza seti kwa wananchi.

Sasa ukiuza seti, ni lazima kuwe na cha kutazama. DuMont akafungua kituo chake New York, kilichopewa jina la WABD, herufi za mwisho zikiwa za jina lake, kikaanza matangazo ya kibiashara mwaka 1944. Cha pili kikawa Washington, WTTG, kwa heshima ya Thomas T. Goldsmith, mkuu wa utafiti wa kampuni. Agosti 1946 vituo hivyo viwili viliunganishwa kwa kebo, na hapo mtandao ukazaliwa, yaani stesheni za miji tofauti zinazorusha vipindi vilevile. Cha tatu, WDTV, kikafunguliwa Pittsburgh Januari 1949.

Usidhani vipindi vyao vilikuwa vya kubangaiza. Pesa zilikuwa haba kweli, lakini umaskini ule uliwapa ujasiri ambao matajiri hawakuwa nao. Mwaka 1950 walimpa kipindi chake mwenyewe Hazel Scott, mpiga piano mzaliwa wa Trinidad, na akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuendesha kipindi cha mtandao wa televisheni Marekani. Kilikatishwa mwaka huo huo, siku chache baada ya yeye kuhojiwa mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikiwasaka watu walioshukiwa ukomunisti. Mwaka uliofuata wakamweka Anna May Wong kuwa mhusika mkuu wa tamthilia, jambo ambalo hakuna mtandao uliokuwa umelifanya kwa mtu wa asili ya Asia. Walimwibua Jackie Gleason, mchekeshaji aliyekuja kuwa jina kubwa nchi nzima. Walimweka Askofu Fulton Sheen akiwa amesimama na ubao wake na chaki, akihubiri saa ileile ambayo mtandao mwingine ulikuwa na mchekeshaji aliyekuwa akipendwa kuliko wote, na watu wakamtazama askofu. Na mwaka 1954, Seneta McCarthy, msaka wakomunisti, alipovutana na jeshi mbele ya kamati ya Seneti, ni ABC, mtandao mwingine, na DuMont zilizoonyesha vikao vile moja kwa moja, siku 36, mwanzo hadi mwisho. Mtandao wa NBC ulianza ukaacha baada ya siku chache. Kwa mwandishi wa habari anayechipukia kama wewe, hilo pekee linatosha kuwapa heshima yao.

Sasa twende kwenye njia, na hapa naomba upande juu ya paa.

Kama nyumba ya babu ni ya zamani huenda bado mti wa antena upo. Zamani hapa Mombasa ungeona nyumba yenye antena mbili juu ya mti mmoja: moja ina mikono mirefu, na nyingine ina mikono mifupi mingi iliyopangika kama mifupa ya samaki aliyeliwa. Ile ndefu ni ya VHF, yaani chaneli za mawimbi marefu, ile fupi ni ya UHF, za mawimbi mafupi. Urefu wa mkono hufuata urefu wa wimbi. Chaneli 2 ya Marekani ina wimbi la mita 5 na zaidi, kwa hivyo mkono wa antena yake hukaribia mita 2 na nusu. Wimbi la UHF ni kama nusu mita, na mkono wake hauzidi sana rula yako ya shule. Wimbi refu huzunguka vizuizi na kufika mbali. Wimbi fupi hukatwa na jengo, na kilima, na hata mnazi ulioota vibaya, na linahitaji nguvu nyingi zaidi mtamboni ili lifike kule kule. Nimewahi kusimama juu ya bati, nimeshika mti wa antena kwa mikono miwili, nikiuzungusha kidole kwa kidole, huku mama mmoja chini akiniitia kupitia dirishani: "Chenga! Chenga! Hapo hapo, usiguse!" Nusu ya tatizo huwa ni kutu ya chumvi ya bahari kwenye maungio ya waya, nusu ya pili ni wimbi lenyewe.

Basi shika hilo, maana ndilo lililomuua DuMont. Septemba 1948 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za televisheni kwa sababu vituo vilianza kuingiliana hewani. Zuio lile lilidhaniwa litakuwa la miezi. Likaendelea hadi Aprili 1952. Kwa muda wote huo miji mingi ilikuwa na kituo kimoja au viwili tu, na vituo hivyo vilichukua kwanza vipindi vya NBC na CBS, kwa sababu walikuwa ndugu tangu enzi za redio. NBC, CBS na ABC zote zilitokana na redio. Zilikuwa na faida ya redio ya kulishia televisheni changa, zilikuwa na wasanii wa redio, na zilikuwa na urafiki wa miaka na wenye vituo. DuMont alikuja na tyubu zake tu.

Zuio lilipoondolewa ndipo msumari ulipogongelewa. Tume iligawa VHF, chaneli 2 hadi 13, kwa namna ambayo miji mingi ilipata chaneli tatu au pungufu. Mitandao ilikuwa minne. Piga hesabu mwenyewe. Aliyebaki nje aliambiwa ahamie UHF, chaneli 14 hadi 83. Lakini seti zilizokuwa majumbani hazikuwa na uwezo wa kupokea UHF. Ilibidi mtu anunue kifaa cha ziada, na antena nyingine, ili apate picha yenye chenga. Nani angefanya hivyo wakati anapata stesheni tatu safi bure? Sheria ya kulazimisha kila seti mpya ipokee chaneli zote ilipitishwa mwaka 1962, na DuMont ilikuwa imeshakufa miaka 6. Kinachoniuma kama fundi ni kwamba kampuni ya DuMont yenyewe iliipelekea tume mpango mwingine, wa kupanga chaneli ili miji mikubwa mingi zaidi ipate VHF nne. Hesabu zilikuwepo mezani, tume ikachagua nyingine.

Halafu kuna njia ya kati ya mji na mji. Kebo na minara ya masafa marefu ilikuwa ya kampuni moja ya simu, AT&T, na kila mtandao ulipangiwa saa zake. Mwenye vituo vingi alipata saa nyingi. Mwenye vichache alipata chache, au hakupata.

Na kuna Paramount. Hili ni la mkono wake mwenyewe, na sitalificha kwa kumpenda. Mwishoni mwa miaka ya 1930, akihitaji mtaji, DuMont aliiuzia kampuni hiyo ya filamu sehemu ya hisa zake. Baadaye, enzi za mitandao, sheria iliruhusu mtandao kumiliki vituo vitano vya VHF vya kwake, na hivyo ndivyo vilivyoleta faida ya kweli. Paramount ilikuwa na vituo vyake Los Angeles na Chicago. Tume ikasema Paramount ina mamlaka juu ya DuMont, kwa hivyo vile viwili vinahesabika pamoja na vitatu vyake. Akafungiwa kwenye vitatu. Vile viwili vya Paramount havikumsaidia, maana havikuwa sehemu ya mtandao wake wa kudumu. Mshirika wake alimziba nafasi mbili bila kumpa chochote.

Kilichokuwa kikimshikilia ni Pittsburgh. Kwa miaka kadhaa WDTV ilikuwa ndiyo stesheni pekee ya mji ule mkubwa wa viwanda, na NBC na CBS ziliitaka hewa yake. DuMont aliweza kusema: nitaweka kipindi chako Pittsburgh, nawe nitafutie nafasi ya kipindi changu mahali pengine. Mwishoni mwa 1954, akiwa hana pesa, kampuni ikaiuzia Westinghouse kituo kile kwa dola milioni 9.75, bei ambayo haikuwa imewahi kulipwa kwa stesheni. Pesa zikaingia, na silaha pekee ya kujadiliana ikatoka. Mimi huwa naona hapo ndipo mtandao ulipokufa, ingawa ulikuwa bado unapumua. Mwaka mmoja na zaidi kabla ya hapo, Februari 1953, ABC iliyokuwa dhaifu vilevile ilikuwa imeruhusiwa kuungana na kampuni ya majumba ya sinema na kupata mamilioni ya dola. Kati ya wanyonge wawili, mmoja alipata mtaji. Jackie Gleason alikuwa ameshachukuliwa na CBS mwaka 1952.

Aprili 1955 vipindi vingi viliondolewa. Matangazo ya mwisho ya mtandao yalikuwa ndondi kutoka St. Nicholas Arena, New York, tarehe 6 Agosti 1956, ikibebwa na stesheni chache mno.

Lakini ona: vituo vyenyewe havikufa. Vile vya New York na Washington viliendelea vikiwa chini ya kampuni iliyokuja kuitwa Metromedia, vikanunuliwa na Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari, miaka ya 1980, na juu ya msingi huo ukajengwa mtandao wa Fox, ulioanza Oktoba 1986. WTTG ya Washington ipo hewani hadi leo na herufi zake zilezile. Kwa hivyo ukiulizwa kama nafasi ya mtandao wa nne ilikuwepo Marekani, jibu ni kwamba ilikuwepo. Ilingoja miaka 30.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu najua ulichouliza hasa ni QTV. Usizifananishe moja kwa moja. Historia yetu ilianza kwa njia tofauti: televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, ikirushwa kutoka Limuru, ikaja kuwa ya serikali, na Mombasa ikafunguliwa kituo mwaka 1970. KTN ilipokuja mwaka 1990 ndipo Kenya ilipopata stesheni ya pili. Hatukuwa na vita vya mitandao minne kugombea chaneli tatu. Tulikuwa na mmoja mwenye njia yote.

Vita vya njia vilitufikia na dijitali. Katika analojia kila stesheni ilikuwa na masafa yake na mtambo wake: barabara yako, gari lako. Katika dijitali masafa ya chaneli moja ya zamani hubeba stesheni nyingi kwa pamoja, kama matatu, na anayeendesha matatu hiyo ni kampuni yenye leseni ya kusambaza mawimbi. Kwa hivyo swali la nchi nzima likawa: nani aendeshe? Leseni za mwanzo zilipewa Signet, iliyo chini ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, na PANG, kampuni ya Kichina. Royal Media (wenye Citizen), Nation (wenye NTV na QTV) na Standard (wenye KTN) zikasema hazitakubali kubebwa na wengine, zikaenda mahakamani, na kesi ikafika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Septemba 2014. Februari 2015 Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Nakumbuka siku zile mafundi wote wa mtaa tulivyokuwa tukiitwa nyumba hadi nyumba, watu wakidhani king'amuzi kimeharibika. Nilikuwa naeleza mlangoni, na wazee wananitazama kama mtu anayekwepa kazi. Mwisho wa yote vyombo hivyo vilipata njia yao wenyewe ya kusambaza.

QTV ilirudi hewani pamoja na wenzake, na bado mwaka 2016 kampuni yake ikatangaza kuifunga, pamoja na redio zake, ikisema inaelekeza nguvu kwenye habari za intaneti na simu. Kwa hivyo hapa njia ilikuwepo. Ndipo narudi kwenye lile la kwanza nililokuambia, kwamba wewe hukuwa mteja. Dijitali ilipanua barabara, stesheni zikawa nyingi kupita kiasi, na mwenye sabuni ni yuleyule na mfuko wake ni uleule, tena sasa nusu ya mfuko ameuhamishia kwenye simu. Kampuni yenye stesheni mbili zinazogombania mfuko mmoja huiacha ile ndogo. Mimi nilisikitika, kwa sababu ilikuwa stesheni ya Kiswahili, na Kiswahili hewani kwetu sisi watu wa pwani si pambo.

Kwa hivyo kwenye kazi yako ya darasani usiandike "ilikosa watazamaji" kabla hujajibu haya: nani alikuwa akilipa, nani alikuwa na masafa, nani alikuwa akibeba mawimbi, na mwenye hisa alikuwa na maslahi gani kwingine. Ukitafuta majibu ya manne hayo kwa stesheni yoyote iliyofungwa, iwe ya Nairobi au New York, utaona mlango ulipofungiwa.

La mwisho ni ombi. Vipindi vya DuMont karibu vyote vimepotea. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams, aliyewahi kufanya kazi pale, alitoa ushahidi mbele ya kikao cha Maktaba ya Bunge la Marekani kuhusu kuhifadhi kanda. Alieleza kwamba miaka ya 1970 mwanzoni, kampuni zilipokuwa zikibishana nani alipie ghala la kuhifadhia, mwanasheria mmoja alisema atalimaliza yeye. Saa 8 usiku malori matatu yakapakiwa filamu na kanda, yakapelekwa hadi kwenye tishali, na tishali likaingia majini, likapita Sanamu ya Uhuru, likamwaga yote kwenye ghuba ya New York. Hazel Scott na piano yake, chini ya maji.

Hapa Mombasa nimeona kanda za VHS zikitupwa jaani na madumu yaliyotoboka: taarab za harusi, mechi, taarifa za habari zilizorekodiwa nyumbani na mtu aliyependa tu. Hewa yetu ya bahari inazila taratibu hata zikiwa kabatini. Ukungu mweupe huanza pembeni mwa utepe na kuingia ndani. Muulize babu kama anazo. Kama anazo, zitoe mahali penye unyevu uziweke zimesimama, usizijaribu kwenye deki chafu, na uniandikie tena. Deki yangu bado inafanya kazi, na nitazinakili bila malipo.